Nilipigilia kigingi juu ya uruganda wa Sogokuru

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili anayesoma asihangaike kunitafutia sababu. Sikulewa, sikutishwa, sikulazimishwa na mtu. Niliona haya tu. Na kwa haya yangu, mzee mmoja wa Muyinga amepoteza kitu ambacho hakuna anayeweza kumrudishia.

Hamnijui, na sitataja jina langu wala lake. Niliishia darasa la sita na kuandika kunanichukua muda, lakini hili nimeamua kuliandika mwenyewe, nisimpe mtu aniandikie.

Nilizaliwa Tanzania. Mama alikimbia vita akiwa msichana, akaolewa huko, baba akafa huko. Tuliishi kijijini, nje ya kambi, nikasoma shule ya Kiswahili na watoto wa Kitanzania. Mama alikuwa akiniita kwa Kirundi, mimi namjibu kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyozoea. Sikujua kwamba siku moja kitu hicho kidogo kitanigharimu.

Tuliporudi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwao mama ni Gishubi, mkoa wa Gitega. Alikuwa akiniambia kwamba shamba lao lina mti mkubwa wa mvumu mpakani, na kwamba hata akifumbwa macho ataupata. Tulifika tukakuta mti umekatwa zamani, hata kisiki hakuna. Mama alizunguka yale mashamba ya maharage asubuhi yote, mikono kichwani. Watoto wa baba yake mdogo walimtazama tu, wakamwuliza, "Alama yako iko wapi?"

Hakuwa na alama. Tulipewa kipande cha ardhi cha kujenga kibanda, basi. Mwaka wa pili mama alifariki.

Nawaambia haya ili mjue kwamba mimi, kuliko mtu yeyote, nilipaswa kuelewa.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nikasikia kuna kazi Muyinga. Kuna kilima kimoja huko, mbali na lami, ambako watu wa zamani walichimba mawe ya chuma na kuyayeyusha wenyewe. Kazi hiyo ilikufa siku nyingi, majembe ya dukani yalipofika. Mashimo yakaota vichaka, mbuzi wakawa wanatumbukia humo. Sasa kampuni moja ilitaka kuyafufua. Wote walisema kilima kitaamka! Nikafunga nguo zangu kwenye mfuko, nikaenda.

Siku ya kwanza niliaibika vibaya sana.

Msimamizi wetu, jamaa mmoja mwenye sauti kubwa aitwaye Bosco, alinionyesha mahali kwa kidole akasema, "Imba!"

Nikamtazama.

"Imba! Imba hapo! Uri igipfamatwi?" Yaani wewe ni kiziwi?

Nilifikiri ni desturi yao, kwamba mgeni huanza kwa wimbo. Nilikuwa naogopa kufukuzwa. Nikavua kofia, nikafumba macho, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani, ubeti mzima!

Kwa Kirundi, kwimba ni kuchimba.

Watu walianguka chini kwa kicheko. Wengine waliacha majembe wakashikana mabega. Tangu siku hiyo nikaitwa Muririmvyi, yaani mwimbaji. Nikipita njiani, wanawake waliokuwa wakilima wanapaza sauti, "Muririmvyi, tuimbie!" Kwao ulikuwa mzaha tu, hawakuwa na ubaya. Lakini mimi ni mtu wa haya tangu utotoni. Niliapa moyoni kwamba sitamwuliza tena mtu yeyote maana ya neno lolote mbele za watu. Nisipoelewa, nitatikisa kichwa.

Kiapo cha kijinga! Kingeniumiza mimi peke yangu ningenyamaza leo.

Nililala kwa mzee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake chini ya kilima. Nilimwita Sogokuru, yaani babu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Alinipa chumba kwa sababu, alisema, chumba kisipolaliwa panya wanakifanya chao. Hakutaka chochote zaidi ya kuni na mtu wa kula naye.

Huyu ndiye mtu pekee ambaye hakunicheka. Alipoambiwa habari ya ule wimbo aliuliza tu, "Na uliimba vizuri?"

Jioni tulikaa nje tukichambua maharage. Alikuwa akiinua kitu, anakitaja, nami nakitaja kwa Kiswahili. Aliinua jembe: "Isuka." Nami nasema, "Jembe." Tukipata neno linalofanana alifurahi kama mtoto. Siku aliyonionyesha nyundo yake, akasema, "Inyundo," nami nikasema, "Nyundo," alipiga makofi. "Ona! Nyundo imevuka mpaka bila kubadili jina!"

Sogokuru alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi. Mawe ya chuma yaliachwa wakati wa babu yake, lakini baba yake na yeye waliendelea kufua vyuma chakavu, wakitengeneza majembe na visu. Vita vilipokuja, mke wake alikimbilia Tanzania na mtoto wao wa kiume wa miaka saba. Yeye alikwenda njia nyingine, wakapotezana. Baadaye watu walimletea habari kwamba mke amefia huko. Mtoto alichukuliwa na familia nyingine, inasemekana wakaenda naye mbali, upande wa Tabora au zaidi.

"Atakuwa mtu mzima sasa," aliniambia. "Jina langu huenda kalisahau, mtoto hamwiti baba yake kwa jina. Kilima pia hakukijua kwa jina, watoto hawajui majina ya vilima. Lakini alikuwa akinivutia mvukuto, moto uwake. Hilo hawezi kusahau. Akirudi ataulizia mahali pale."

Mahali pale ni tuta moja juu ya kilima, karibu na mashimo ya zamani. Nilishaliona. Lilikuwa na mabonge meusi yenye vitundu, yale watu wanayoita mavi ya chuma, na vipande vya mrija wa udongo ambao mvukuto ulipulizia moto. Katikati kulikuwa na jiwe pana alilotumia kama fuawe, limelika juu kwa mapigo ya miaka. Kila wiki Sogokuru alipanda kung'oa magugu pale. Hakufua tena, mikono ilishachoka. Alifagia tu.

Mkinisikiliza mtadhani nilijua kila kitu. Nilijua mahali, nilijua hadithi. Kitu kimoja sikukijua: jina la mahali pale. Yeye alisema siku zote "pale juu", kwa kuwa sote wawili tulijua anasema wapi.

Basi, ikafika siku ya karatasi.

Kampuni ilikuwa na injinia, Mkongomani wa Bukavu, mtu mcheshi, hajui Kirundi hata salamu. Mkalimani wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale. Siku hiyo mwalimu alikuwa amesafiri kwenda Gitega kufuatilia makaratasi yake wizarani. Injinia hakutaka kungoja. Aliniona nimebeba mifuko ya udongo wa kupima, akaniita kwa Kifaransa, Petit, yaani mdogo.

"Petit, kuya hapa! We uko na Swahili safi, ya Tanzania. Utanitafsiria kwa hii muzee."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Kirundi changu ni kibovu, tumngoje mwalimu." Maneno machache tu! Lakini Bosco alikuwa amesimama pale, na wanawake wenye majembe, na wote waliniangalia mimi, Muririmvyi, nikiitwa na injinia mwenyewe. Nilijisikia mrefu. Nikatua mifuko, nikashuka na injinia hadi nyumbani kwa Sogokuru, sisi wawili tu.

Ardhi waliyotaka kuchimba ilikuwa ya Sogokuru, yote ya juu. Nilimweleza kwa Kirundi changu cha kuokoteza kwamba wanaomba aweke kidole kwenye karatasi, wachimbe. Alisikiliza kwa utulivu. Kisha akasema, polepole, kama alivyozoea kunisemesha:

"Mwimbe hose, ariko ntimukore ku ruganda."

Mwimbe hose nililijua vizuri, nililipia kwa kicheko cha kilima kizima. Chimbeni popote. Lakini yale ya mwisho? Uruganda mimi nililisikia redioni tu, wakisema uruganda wa sukari, uruganda wa bia. Kiwanda. Na gukora, nilijua ni kufanya kazi. Nikajumlisha haraka haraka kichwani: chimbeni popote, lakini msifanye kiwanda.

"Anasema nini?" aliuliza injinia.

"Anasema mchimbe popote, ila hataki kiwanda."

"Usine?" Injinia alicheka hadi akashika tumbo. "Nani iko na nguvu ya kutia usine ku mulima hii, barabara yenyewe hakuna! Mwambiye asiogope. Usine hapana. Tunachukua udongo, tunaenda nayo."

Nikamgeukia Sogokuru. "Ntibazokora ku ruganda," nikasema, nikidhani nimesema hawatafanya kiwanda.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Urakoze, mwana wanje." Asante, mwanangu. Akaweka kidole.

Sasa niwaambie ukweli wenyewe, ule ambao sijamwambia mtu. Aliposema yale maneno, alielekeza kidevu chake kule kwenye tuta. Niliona! Nikajiuliza, kiwanda kinahusiana nini na kule? Neno lilinikwama kidogo, kama unapotafuna wali ukakuta kijiwe. Jioni, tukichambua maharage, ningeweza kumwuliza, "Sogokuru, uruganda ni nini?" Angenijibu bila kucheka, kama alivyonijibu mara mia. Lakini nilikuwa nimeshajifanya mkalimani. Ningemwulizaje mtu maana ya neno nililokwisha kulitafsiri?

Nikala maharage yake, nikalala.

Wiki chache baadaye injinia alitembea juu kule, akaokota bonge la mavi ya chuma, akaligeuzageuza. "Batu ya zamani hawakukuwa wajinga," alisema. "Hapa ndipo walikuwa karibu ya kitu yenyewe. Petit, tia kigingi hapa, katapila ianze hapa."

Nikachukua kigingi chenye kitambaa chekundu na nyundo, nikaenda hadi kwenye tuta. Yeye akarudi kwenye gari lake.

Nilipoinama, mama mmoja jirani aliyekuwa akilima chini kidogo alinyoosha mgongo. "Yewe mwana! Unafanya nini hapo? Hapo ni ku ruganda!"

Nilibaki nimeinama. Nikatazama huku na huku kama mjinga, kana kwamba kuna kiwanda nyuma yangu.

"Ku ruganda?" nikasema.

"Eeh, ku ruganda rwa muzehe wako. Alipokuwa akifua. Hujui?"

Ndipo nikajua. Kabla ya viwanda vya redioni, uruganda ni mahali pa mhunzi, pale moto ulipo na fuawe. Wazee bado wanasema hivyo. Na gukora si kufanya kazi tu, gukora pia ni kugusa. Mzee alisema: chimbeni popote, lakini msiguse mahali pangu pa kufulia vyuma. Na mimi nikamjibu kwa mdomo wangu mwenyewe: hawatagusa.

Mama yule alirudi kwenye jembe lake. Alidhani nimepata ruhusa, kwa kuwa nalala kwa mzee.

Kigingi kilikuwa mkononi. Gari la injinia lilikuwa kama hatua mia mbili. Ningetembea hatua hizo, niseme, "Bosi, nilitafsiri vibaya." Mimi niliziona hatua zile kama safari ya kwenda Tabora. Nilimwona Bosco akisikia. Nilisikia kicheko tayari. Nilijiona nikirudi Gishubi na mfuko wangu.

Nikakipigilia. Kilikuwa kigumu kuingia, kilikutana na mavi ya chuma, nikapiga mara nyingi.

Kwa hiyo msiseme nilikosea neno. Neno nililikosea siku ya karatasi. Siku ya kigingi nilikuwa nalijua.

Siku mbili zilipita kabla ya katapila kufika. Siku mbili! Nilikuwa na Sogokuru asubuhi na jioni. Alinifundisha maneno ya mvua siku hizo, nakumbuka, mvua ya manyunyu na mvua ya mawe. Nilirudia nyuma yake kama kasuku.

Mashine ilipoanza kunguruma, alikuwa nyumbani akisuka mdomo wa kikapu. Majirani walisema baadaye kwamba alisikia kelele zikitoka upande gani, akasema, "Wataigeuza mashine hapo, waliniahidi." Hakuharakisha. Alimaliza mshono wake, akapanda taratibu na fimbo yake.

Alipofika, tuta halikuwapo. Jiwe lilikuwa limepasuka vipande viwili na katapila ilikuwa ikilisukuma bondeni pamoja na udongo.

Alisimama pale hadi dereva alipozima mashine mwenyewe kwa kuona aibu. Kisha akainama, akaokota kipande cha mrija wa udongo, akakifuta kwenye shati, akashuka nacho. Alipita karibu yangu. Nilikuwa nimeshika utepe wa kupimia, nikajifanya nasoma namba.

Mkuu wa kilima, ndivyo huko wanavyomwita kiongozi wa kijiji, aliitisha kikao kwenye majani mbele ya nyumba yake. Watu walijaa. Injinia alikuja, mwalimu mkalimani alikuwapo, amesharudi kutoka Gitega. Sogokuru alisimama akasema alichosema, na mwalimu akakitafsiri sawasawa: "Muzehe anasema aliwakataza kugusa mahali pake pa kufulia vyuma, nao walikubali."

"Non, non, non!" Injinia aliruka. "Muzee alisema hataki usine. Mi nilisikia na masikio yangu. Petit alikuwa pale."

Mwalimu aligeuza maneno hayo kwa Kirundi, na watu waliposikia kwamba mzee alikataa kiwanda, walicheka. Bosco alipiga mapaja. "Yooo! Kumbe ni yeye! Sote tungevaa mabuti ya kampuni, tungekula nyama Jumatatu, muzehe akatukatalia usine!"

Kicheko kile nilikijua. Safari hii hakikuwa changu, na Mungu anisamehe, nilihisi nafuu.

Mkuu wa kilima alinyamazisha watu. Akanitazama. "Wewe kijana, ulikuwa mdomo wao siku hiyo. Huyu mzee alisema nini?"

Nilisimama. Nikavua kofia, kama siku ya wimbo, nikaisokota mikononi. Sogokuru alinitazama. Hakukasirika, hakunitisha. Alingoja tu, kama alivyongoja kila jioni nitafute neno nililosahau.

Nikasema, "Alisema hataki kiwanda."

Watu wakaguna. Mmoja akasema mzee anataka kulipwa mara mbili. Mwingine akasema akili imeanza kumtoka.

Sogokuru alikohoa kidogo. Kisha akasema, na nitayasikia maneno haya hadi nife: "Huyu mwana hasemi uongo. Mimi ni mzee. Labda nilisema vibaya."

Akaketi.

Aliniokoa, mnaona? Mbele ya watu wote alichukua uongo wangu akaufanya kosa lake. Sijui kwa nini. Huenda aliona nilivyoisokota ile kofia. Huenda alijua kwamba nikifukuzwa sina pa kwenda. Sikuwahi kumwuliza.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa sababu sikuwa na nyumba nyingine. Chakula kilikuwa tayari. Alisukuma sahani kwangu akasema, "Kula."

Kwa Kiswahili!

Nilishtuka. Zamani alikuwa akivuka kwenda Ngara kuuza majembe, alijua maneno machache ya sokoni, lakini kwangu hakuwahi kuyatumia. Nilipomaliza akasema, "Lala." Asubuhi akasema, "Kazi njema." Kesho yake vilevile. Kula. Lala. Ndiyo. Hapana. Hakunitukana. Hakunifukuza. Aliniondolea Kirundi tu. Alinisemesha kama mtu asemavyo na mgeni anayepita, ambaye hana haja ya kumfundisha kitu kwa kuwa kesho hatakuwapo.

Ningependa angenipiga kwa ile fimbo.

Siku ya nne nilijaribu. Kile kipande cha mrija alikuwa amekiweka dirishani. Nilikichukua kwa mikono miwili, nikaketi karibu naye kama zamani, nikauliza kwa Kirundi, "Sogokuru, iki ni iki?" Hiki ni nini?

Alikitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Sijui," akasema kwa Kiswahili.

Niliondoka kabla jua halijawa kali. Hakutoka mlangoni.

Kampuni nayo haikukaa. Waliobaki waliniambia kwamba udongo ulipimwa, chuma kikawa si cha kutosha, na barabara ikawa mbaya mno. Katapila ikapakiwa, injinia akaenda zake. Kilima hakikuamka. Limebaki shimo kubwa, mvua ikinyesha linajaa maji mekundu. Na Sogokuru, watoto wanamwita Muzehe wa Usine. Wanaimba kabisa anapopita. Wengine hawajui hata jina hilo limetoka wapi. Mimi ninajua.

Sasa nipo Gitega. Nabeba ndizi kwa baiskeli kutoka Itaba, nauza mjini, nimepanga chumba. Kirundi changu kimekuwa kizuri, hakuna anayenicheka tena. Nani atanicheka? Siongei na mtu. Nafika sokoni, nataja bei, narudi. Kuna siku zinapita sijasema maneno ishirini. Nikiona vijana wamekaa kwenye pikipiki zao wakitaniana natamani kusogea, lakini nikikumbuka sauti yangu kwenye kile kikao, napita.

Mtaniuliza kwa nini sirudi kuomba msamaha. Nilijaribu. Nilifika hadi Muyinga mjini, hadi mahali pa kupandia pikipiki za kwenda kule. Nikanunua mkate wa kumpelekea. Nikasimama pale nao hadi mchana. Nikapanda gari la kurudi Gitega, mkate nikaula njiani. Ndivyo nilivyo.

Ninyi mnaofanya kazi ya kusemea watu, hata kama ni kwa siku moja, hata kama umeshikwa njiani tu kwa kuwa unajua lugha mbili: ukisikia neno hulijui, simama hapo hapo. Sema hulijui. Wacheke! Kicheko kinapita. Mimi nilichekwa wiki tatu kwa kuimba wimbo wa kanisani na sikupungukiwa kitu. Na kama umeshakosea, rudi useme siku hiyo hiyo, kabla hujapewa kigingi. Ukichelewa, hutakuwa tena mtu aliyekosea neno. Utakuwa mtu mwingine kabisa, na utaishi naye chumba kimoja.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Si kwa ajili ya watu wa kile kilima, wao hawatasoma. Naandika kwa ajili ya mtu mmoja. Wewe uliyeondoka Muyinga na mama yako ukiwa na miaka saba, uliyekuwa ukimvutia baba yako mvukuto. Pengine uko Tabora, pengine Katavi, pengine una watoto. Pengine husomi ila Kiswahili, kama mimi nilivyokuwa.

Ukirudi, usiulizie uruganda. Vijana watakupeleka kwenye kiwanda cha kahawa. Tuta halipo, fuawe halipo, nililiondoa mimi. Ulizia kilima walichochimba chuma wakakiacha. Tafuta shimo lenye maji mekundu. Upande wa chini yake kuna njia inayoshuka kati ya mikaratusi, na mwisho wa njia kuna nyumba moja, ukuta wa upande wa jua umepakwa udongo mweupe. Niliuliza wafanyabiashara wa maharage wanaotoka huko, wakasema msimu huu bado wamemwona akichota maji mwenyewe.

Msemeshe Kirundi. Na kama kimekupotea, usione haya, muulize neno kwa neno. Yeye hamcheki mtu.